Kutafuta Kilichowekwa

Waswahili husema akiba haiozi. Nadhani aliyelitunga neno hilo alikuwa akifikiri juu ya fedha iliyofichwa chini ya kitanda, maana mkulima ambaye ghala yake imepata kuingiwa na fukusi asingalisema hivyo. Lakini hata tukiikubali methali kama ilivyo, liko swali moja ambalo haikulijibu: akiba isiyooza, lakini mwenyewe hajui iko wapi, yamfaa nini? Mtu aliyeweka kitu akasahau mahali alipokiweka yu karibu sana na mtu aliyekipoteza.

Katika insha hii nataka kueleza jinsi wanadamu walivyojifunza kutafuta neno moja katika wingi wa maandishi yaliyohifadhiwa, na hasa jinsi kazi hiyo ilivyofika katika kompyuta zilizoko juu ya meza zetu. Msomaji asidhani kwamba hii ni habari ya mafundi peke yao. Mwanahistoria huishi kwa yale yaliyowekwa na watu wengine; yasipopatikana, hana la kuandika.

Tuanze karibu na nyumbani. Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mombasa, alifariki karibu na mwaka 1840, na mengi ya mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu. Miaka mingi baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye mtu wa Mombasa, aliyakusanya kwa watu walioyakumbuka, akamsaidia mmishonari William Taylor kuyaandika na kuyaelewa. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka kutokana na karatasi hizo, ndipo watu wasiokuwa wa Mombasa wakapata kuyasoma. Kama Mwalimu Sikujua angalingoja miaka 20 zaidi, wale waliokuwa wameyahifadhi kichwani wangalikuwa wamekwisha kwenda kaburini, na mashairi pamoja nao. Hiyo ndiyo maana ya nakala rudufu: kitu kile kile, mahali pawili, ili pamoja pakiharibika papo pengine.

Kunakili ni kazi ya zamani, na kila mwandishi wa kale aliijua. Kutafuta ndani ya maandishi kulichelewa zaidi. Mtu mwenye kitabu kimoja hahitaji msaada, maana hukijua kama ajuavyo njia ya kwenda kisimani. Taabu huanza vitabu vinapokuwa vingi, au kitabu kimoja kinapokuwa kikubwa na kusomwa na watu wanaotaka kila neno lake. Kwa hiyo si ajabu kwamba faharasa za kwanza za maneno zilitengenezwa kwa ajili ya vitabu vya dini. Katika karne ya 13, katika nyumba ya watawa wa Saint-Jacques mjini Paris, mtawa aitwaye Hugh wa Saint-Cher pamoja na wenzake waliyapanga maneno ya Biblia ya Kilatini kwa alfabeti, na penye kila neno wakaandika mahali lilipo. Siku hizo aya za Biblia zilikuwa bado hazijapewa nambari. Basi waligawanya kila sura katika vipande saba kwa akili tu, wakaviita kwa herufi A mpaka G, na msomaji akaambiwa atafute katika sura fulani, kipande cha C. Ni ufundi mdogo, lakini ukiufikiri sana utaona kwamba programu za leo hazikuuacha.

Qurani nayo ilipata faharasa zake. Gustav Flügel aliichapisha moja huko Leipzig mwaka 1842, na mwaka 1945 mjini Cairo Muhammad Fuad Abd al-Baqi akatoa nyingine iliyo bora, ambayo wanachuoni wanaitumia hata leo. Hiyo imepangwa kwa mizizi ya maneno. Mtu anayetafuta maneno ya kuandika na ya kitabu huyakuta yote chini ya mzizi mmoja, wala hahangaiki na viambishi vilivyotangulia. Nakuomba, msomaji, ulishike jambo hili, maana nitalirudia tutakapofika kwenye Kiswahili chetu.

Mwaka huo huo wa 1945, mwezi wa Julai, Mmarekani aitwaye Vannevar Bush aliandika makala katika gazeti la Atlantic Monthly. Bush alikuwa mkuu wa kazi za sayansi za serikali ya Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aliona kwamba wataalamu waliandika mambo mengi kupita kiasi, na mengi yakazama kwa kuwa hapakuwa na njia nzuri ya kuyafikia. Basi akabuni katika mawazo yake meza ya kuandikia, akaiita Memex, ambayo ndani yake mtu angaweka vitabu vyake, barua zake na kumbukumbu zake zote katika filamu ndogo, na kwa kubonyeza vitufe akaleta mbele ya macho yake ukurasa autakao. Meza hiyo haikuundwa kamwe. Lakini waliokuja kuunda kompyuta za baadaye waliisoma makala ile, na baadhi yao wakasema wazi kwamba iliwapa mwelekeo.

Mashine zenyewe zilikuwa bado hazifanani na meza. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine iitwayo RAMAC, yenye diski 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, zikizunguka pamoja juu ya mti mmoja wa chuma. Uzito wake ulikaribia tani moja, na uwezo wake wote ulikuwa kuhifadhi herufi milioni tano, yaani kama Biblia moja na kidogo zaidi. Picha moja iliyopigwa na simu ya leo mara nyingi haiwezi kuingia humo. Hata hivyo mashine ile ilileta jambo kubwa. Kabla yake maandishi ya kompyuta yaliwekwa katika kadi zilizotobolewa au katika kanda za sumaku, na kanda lazima ipite yote tangu mwanzo mpaka ufike unapotaka. Diski humwezesha msomaji kuruka moja kwa moja mpaka mahali penyewe. Pasipo uwezo wa kuruka hivyo, faharasa ina kazi gani? Kujua kwamba neno liko mwishoni mwa kanda hakukuondolei safari ya kuipitia yote.

Nije sasa kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinahusu historia. Katika miaka ya 1787 na 1788 zilichapishwa katika magazeti ya New York insha 85 za kuitetea katiba mpya ya Marekani, zote zikiwa na jina moja la bandia. Walioziandika walikuwa Alexander Hamilton, James Madison na John Jay, lakini insha 12 ziligombaniwa: wengine wakisema ni za Hamilton, wengine za Madison. Mwaka 1964 wataalamu wawili wa takwimu, Frederick Mosteller na David Wallace, walitoa kitabu kilichoonyesha, kwa kuhesabu maneno madogo madogo ambayo mwandishi huyatumia bila kufikiri, kwamba insha zile ni za Madison. Baadaye, katika maabara za Bell, mtu aitwaye Lee McMahon naye alitaka kuzichunguza insha hizo kwa kompyuta. Taabu ilikuwa kwamba programu ya kuhariria iliyokuwako ilitaka kulibeba faili lote ndani ya kumbukumbu ya mashine, na kumbukumbu ya siku zile haikutosha. Mwenzake Ken Thompson akaichomoa ile sehemu ya programu inayotafuta maneno, akaifanya programu ya peke yake, isome mstari mmoja mmoja na kuonyesha ile tu yenye neno linalotafutwa. Inasimuliwa kwamba aliimaliza kwa usiku mmoja. Akaiita grep. Ilikuwa karibu na mwaka 1973, na mpaka leo programu hiyo inatumika duniani kote. Hivyo chombo kimojawapo kikuu cha kutafutia kilizaliwa kwa sababu mtu alitaka kujua nani aliandika nini miaka karibu 200 iliyopita.

Lakini grep haina faharasa. Kila inapoulizwa, husoma yote upya tangu mwanzo, kama mtu anayetafuta sindano kwa kuupekua mchanga wote wa ufukweni, na kesho akitakiwa tena aanze upya. Kwa mafaili machache hilo si kitu, ila kwa mafaili laki moja mtu atakunywa chai mpaka birika liishe. Programu za kutafutia za kompyuta zetu za mezani hufanya vingine. Zenyewe hupitia mafaili yote polepole wakati mwenye kompyuta hana kazi nayo, na hutengeneza kitabu cha siri mfano wa kile cha watawa wa Paris. Tuseme faili la kwanza lina maneno "reli ilifika Nairobi", na la pili lina "gavana alifika Nairobi". Programu huandika katika faharasa yake: reli, faili la 1, gavana, faili la 2, Nairobi, faili la 1 na la 2. Ukiuliza "reli" na "Nairobi" pamoja, haifungui faili lolote. Huzitazama orodha mbili tu, ikaona nambari iliyomo katika zote mbili, ikajibu: la 1. Ndiyo sababu jibu huja kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe.

Mwingereza aitwaye Karen Spärck Jones aliongeza jambo la maana mwaka 1972. Alionyesha kwamba neno lililomo katika maandishi machache lina thamani kubwa katika kutafuta kuliko neno lililomo katika maandishi mengi. Mtu akiniambia kwamba mgeni wangu alikuwa amevaa shati, hakunisaidia. Akiniambia alikuwa na kilemba cha kijani, nitamwona sokoni mara moja. Mwanafunzi anayetafuta insha yake iliyopotea kwa kuandika neno "Kenya" ataletewa mafaili mia. Afadhali akumbuke neno moja ambalo asingeliandika mahali pengine popote.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotutia mashakani, na jambo hili wenye kutengeneza programu katika nchi za mbali hawakulifikiri. Kiingereza hubadilisha maneno kwa nyuma, na tangu mwaka 1980 iko kanuni maarufu ya Martin Porter ya kuikata mikia hiyo. Kiswahili hubadilisha hasa kwa mbele. Mwanafunzi akiandika "soma" katika programu inayolinganisha mianzo ya maneno, hataletewa "alisoma", wala "wanasoma", wala "kusoma", wala "msomaji". Ataletewa "soma", na pengine "Somalia". Akitafuta "kitabu" ataikosa barua iliyotaja "vitabu". Watunzi wa kamusi za Kiswahili waliijua taabu hii zamani, ndiyo maana hatuhangaiki kutafuta "alisoma" chini ya herufi A. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kuunda programu inayoweza kulichukua neno kama "hawakunisomea" na kulichambua kipande kwa kipande mpaka shina lake. Kazi hiyo ilifaulu, lakini si rahisi kuikuta ndani ya kompyuta inayouzwa dukani. Basi mtoto wa Afrika Mashariki atafutaye katika lugha yake hana budi kujaribu neno kwa sura zake nyingi: mwalimu, kisha walimu, kisha ualimu. Kwa ugomvi huu simlaumu mtu, lakini sipendi kuusahau.

Programu za kutafutia katika kompyuta ya mtu binafsi zilianza kabla ya mwaka 1990, ila zilipata umaarufu ghafula. Tarehe 14 Oktoba 2004 kampuni ya Google ilitoa programu iliyoitwa Google Desktop, ikigawiwa bure. Watu walikuwa wamekwisha kuzoea kutafuta katika maandishi ya dunia nzima kwa nusu sekunde, na wakaona aibu kwamba hawawezi kuipata barua yao wenyewe iliyomo katika mashine yao wenyewe. Aprili 2005 kampuni ya Apple ikatoa Spotlight, iliyofanywa sehemu ya kompyuta yenyewe, na Januari 2007 Microsoft nayo ikaleta Windows Vista, yenye faharasa ndani yake. Baada ya hapo programu ya kuongezwa haikuwa na haja kubwa, na Google iliiondoa yake mwaka 2011.

Jambo moja la Google Desktop lastahili kukumbukwa. Kila faili ulipolifungua, iliweka nakala ya maneno yake, hata kama baadaye ulilifuta. Watu wengi waliookoa maandishi waliyoyafuta kwa bahati mbaya waliyapata humo, mahali ambapo hawakujua kwamba wameweka akiba. Lakini tazama upande wa pili. Kitu kinachokumbuka yote ulichokuwa umekifuta kwa bahati mbaya hukumbuka pia ulichokifuta kwa makusudi. Februari 2006 toleo jipya likawezesha kutafuta katika kompyuta kadhaa za mtu mmoja, kwa njia ya kupeleka nakala za maandishi yake katika mashine za kampuni. Chama cha Electronic Frontier Foundation cha Marekani kiliwaonya watu wasiitumie sehemu hiyo, kwa kuwa karatasi iliyomo katika nyumba yako sheria huilinda kuliko karatasi uliyomkabidhi mtu mwingine. Mimi naona walisema kweli. Atakaye kutafutiwa mambo yake na mgeni, sharti amfungulie makabati yote.

Nimesema juu ya kutafuta. Sasa niseme juu ya akiba yenyewe, maana faharasa haiwezi kuonyesha kisichokuwapo. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya California ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2. Siku moja mtu fulani aliandika amri ya kufuta, nayo ikaanza kufuta filamu yote. Waliokuwa wakitazama folda ya mchezaji mmoja, Woody, waliona mafaili yanapungua: kofia imekwenda, viatu vimekwenda, kisha hakuna kitu. Mashine ikazimwa mbio, lakini sehemu kubwa mno ilikuwa imekwisha kupotea. Wakasema si neno, ziko kanda za akiba. Zilipofunguliwa ikaonekana kwamba kazi ya kunakili ilikuwa imeharibika kwa muda wa majuma kadhaa, wala hapana aliyejua, kwa kuwa hapana aliyejaribu kurudisha kitu. Wakaa katika mkutano wa huzuni. Ndipo Galyn Susman, aliyekuwa mkuu wa mafundi wa filamu ile, alipokumbuka kwamba anayo nakala nyumbani. Alikuwa amejifungua mtoto si zamani, akawa afanya kazi akiwa kwake. Wakaenda kuichukua kompyuta ile, wakaifunga mablanketi, wakairudisha garini polepole kama mgonjwa. Nakala yake ilikuwa na upungufu, na ilibidi watu wakae mchana na usiku wakilinganisha maelfu ya mafaili, lipi jipya, lipi bovu. Filamu iliokoka. Msomaji atashangaa kusikia kwamba baadaye waongozi hawakuipenda hadithi yenyewe, wakaibadili karibu yote kabla ya kuionyesha mwaka 1999.

Kisa cha pili ni cha Uingereza, nacho ni kikubwa zaidi ingawa hakina kishindo. Mwaka 1086 nchi ya Uingereza iliandikwa kwa amri ya Mfalme William: mashamba, mabwawa, ng'ombe na watu. Kitabu hicho, kiitwacho Domesday Book, kipo mpaka leo, na ajuaye Kilatini cha wakati ule aweza kukisoma. Mwaka 1986, kwa kuadhimisha miaka 900, shirika la BBC likakusanya kitabu kipya cha aina hiyo kwa kompyuta. Watu wapatao milioni moja walishiriki, wengi wao wakiwa wanafunzi wa shule zaidi ya 9,000. Watoto waliandika habari za vijiji vyao: maduka, bei ya mkate, michezo yao, hofu zao juu ya kazi watakazozipata. Yote yakawekwa katika diski mbili kubwa za kusomwa kwa mwanga, zilizohitaji mashine ya namna yake peke yake. Mashine hiyo ilikuwa ya ghali hata shule nyingi zilizotoa habari hazikuweza kuinunua ili zione kazi zao wenyewe.

Baada ya miaka 15 tu, mashine zilizoweza kusoma diski zile zilikuwa zimekaribia kwisha. Kitabu cha ngozi cha miaka 900 chasomeka. Kitabu cha diski cha miaka 15 hakisomeki! Diski zenyewe hazikuoza. Kilichokufa ni ule ujuzi wa kuzifungua. Mwaka 2002 wataalamu wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walifaulu kutengeneza programu inayoiga tabia za mashine ile ya zamani ndani ya kompyuta mpya, na mwaka 2011 BBC ikayaweka maandishi ya watoto wale katika intaneti. Mwaka 2018 mahali pale pakafungwa, na nakala ikahifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza. Wale watoto wa mwaka 1986 wamekuwa watu wazima wenye mvi.

Imenipasa kueleza pia kwamba kufuta faili si kulichoma moto. Katika diski za sumaku, kompyuta hulifuta jina la faili katika orodha yake, na mahali lilipokuwa pakaandikwa kuwa pako wazi. Maneno hubaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo aliyefuta kwa makosa na akaacha papo hapo kuitumia mashine ana tumaini. Anayeendelea kuandika analipunguza tumaini lake kwa kila mstari. Diski mpya zisizokuwa na sehemu inayozunguka hazina huruma hiyo, kwani kwa kawaida hupasafisha mahali palipofutwa baada ya muda mfupi. Tena programu ya kutafutia haioni yote. Mara nyingi diski ya nje iliyochomekwa leo haimo katika faharasa mpaka mwenyewe aamuru iingizwe, na nakala zilizofungwa pamoja na kubanwa, au kufungwa kwa neno la siri, ni kama barua zilizomo ndani ya sanduku la chuma: jina la sanduku laonekana, barua hazionekani.

Haya sikuyajua kwa kusoma tu. Mwaka 2013, nilipokuwa katika chuo cha ualimu, tulipewa kazi ya kuandika historia ya mahali kutokana na maneno ya wazee. Mimi nilimwendea mzee mmoja aliyekuwa kazini katika kituo cha reli kabla ya uhuru. Nilikaa naye alasiri nne, yeye akisema na mimi nikiandika, na kila usiku nikiyaingiza katika kompyuta ya chuo. Nilipomwambia, "Mzee, pumzika, nitarudi kesho," alinijibu, "Andika, mwanangu. Kesho si yangu peke yangu." Alinieleza usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, jinsi walivyozitundika karabai tatu mbele ya kituo, na jinsi msimamizi wao alivyoingia chumbani mwake akazima taa yake mwenyewe asionekane.

Miezi miwili baadaye kompyuta ile ilikufa. Mzee naye alikuwa amekwisha kufariki. Nilikuwa na diski ya nje ambamo nilinakili kazi zangu bila mpango, leo hivi, kesho vile, folda ndani ya folda, na majina kama "mpya", "mpya kabisa" na "ya mwisho 2". Rafiki yangu akanionyesha jinsi ya kuiamuru kompyuta yake iifanyie diski ile faharasa, nasi tukaiacha usiku kucha. Asubuhi nikaandika "reli". Yakaja mafaili zaidi ya 200, kwa kuwa masomo yangu yote ya historia yalitaja reli. Nikaandika "mzee", yakaja mengi zaidi. Nikaketi nikijiuliza ni neno gani ambalo yule mzee alilisema na ambalo mimi sikupata kulisema mahali pengine. Nikaandika "karabai".

Likaja faili moja. Lilikuwa ndani ya folda ya kazi za hesabu, lenye jina lisilo na maana, nalo lilikuwa na maneno yake ya alasiri tatu za kwanza, pamoja na makosa yangu yote ya kuandika. Alasiri ya nne haikuwamo. Nilijaribu "karabai" tena kwa diski nyingine za wenzangu, nikajaribu "kituo", "kituoni", "stesheni", na jina la msimamizi yule kwa kila namna niliyodhani ningaliweza kulikosea. Haikupatikana. Niliketi siku ile ile nikaandika kwa mkono niliyoyakumbuka ya alasiri ya nne, kurasa mbili, na juu yake nikaeleza kwamba hayo ni maneno yangu na si yake. Karatasi hizo ninazo mpaka sasa katika bahasha moja pamoja na nakala ya zile alasiri tatu, na nakala nyingine niliipeleka kwa mwanawe.